Daftari la Vipimo

Kiuno sitini na mbili. Kifua themanini na nne.
Bega hadi kifundo cha mkono, hamsini na saba.
Niliandika kwa penseli, kwa kuwa wasichana wa mwaka ule
walikuja na kuondoka kama bili za umeme.
Jina? Dalvina Quaresma, wa Cataguases.
Mama yuko kiwandani, kwenye vitambaa.
Akaushika upindo wa gauni nililokuwa nashona,
akaugeuza, akautazama kwa ndani.
Huu utafumuka, akasema.
Ulifumuka.

Miaka kumi na mmoja nilimshonea aproni.
Nyeupe, ya milia, ya kufungwa nyuma kwa utepe,
za kuvaa ndani ya majumba ya mbao nyembamba
yenye ngazi zisizofika popote.
Maneno yake yalikuwa matatu: Kahawa tayari, bibi.
Nimemsikia akiyasema kwa namna arobaini.
Kuna siku aliyasema hivi, taratibu,
hata bibi mwenye nyumba, nyota wa tamthilia, akasahau ya kwake.
Wakakata. Wakamwambia Dalvina ayaseme ovyo.

Kisha yule aliyechaguliwa kuwa Leocádia akavunjika mguu
na gauni lilikuwa limekwisha:
hariri ya zambarau, vifungo ishirini na sita mgongoni.
Usiku nilifungua daftari. Nikawasha taa ya cherehani.
Asubuhi waliletwa watano kulijaribu,
na likamwingia mmoja tu.
Wakaiita bahati. Nami nikaitika, bahati.

Leocádia alitia sumu kwenye supu, akauza shamba la yatima,
akacheka. Nchi nzima ilikula chakula cha jioni ikimtukana.
Huko Madureira muuza samaki alikataa hela yake.
Bibi mmoja alimchapa na mwavuli ndani ya basi.
Alirudi chumbani kwangu na alama shingoni,
akicheka kile kicheko chake halisi, kidogo, cha puani:
Tacílio, wameniona.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, wanasema.
Nimeona ikisitiri mengine.

Alikufa mara saba. Damu nilikuwa nayo kwenye chupa,
na kila gauni la kufia nililishona mawili,
maana kifo cha kwanza hakikubaliki.
Kule Cataguases mama yake alikuwa anajua, amepigiwa simu,
na bado kila mara alivaa nyeusi siku tatu
majirani wakimletea keki ya mahindi.

Mama alipokufa kweli, Dalvina alikuwa bibi harusi.
Sehemu ya mia moja na tisa.
Nilimpa habari huku namfunga vifungo,
hakuna mwingine aliyethubutu.
Akaingia kwenye mwanga, akalia madhabahuni
mpaka mpiga picha akajifuta macho.
Taa moja ilikuwa imezimika. Turudie, akasema mwongozaji.
Mara ya pili hakuwa na kitu. Uso mkavu kama kigae.
Hiyo ndiyo iliyoonyeshwa. Magazeti yakausifu ujasiri wake.

Sabini na nne. Themanini. Tisini na moja.
Mama wa shujaa, shangazi, jirani wa dirishani,
mwishowe kizee kitini, anayeletewa kahawa.
Asante: ndilo neno lake.
Lakini alinyoosha mkono, akaushika upindo wa aproni ya yule binti,
akaugeuza. Hilo halikuwamo katika maandishi.
Walilikata.

Jumamosi nilipanda Niterói, ghorofa ya sita, lifti mbovu.
Televisheni yake ameifunika kwa kitambaa cha meza,
juu yake limao na miwani.
Nishonee nyeusi, akasema.
Msiba wa nani?
Wa mama. Nimechelewa miaka thelathini na miwili.
Nikatoa utepe. Akanyanyua mikono kabla sijamwambia.
Na vifungo viwe mbele, Tacílio.
Siku hizi najivalisha mwenyewe.